Kandambili ya Ottilia

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Mbinga yalijaa kila kitu. Maji tu ndiyo hayakuwepo. Bwawa la mlimani, juu ya Mbuji, lilikuwa limejaa pomoni, lakini mabomba ya mjini yalikohoa hewa. Mafundi walikuja, wakagonga, wakaondoka. Wazee wakasema chemchemi iliyozamishwa pale inadai mtu wa ukoo ulioitunza zamani. Edmund, mlinzi wa bwawa, alikuwa wa ukoo huo. Na kazini walikuwa wanapunguza watu.

Jioni moja alimwita mdogo wake, Ottilia.

"Mguu umenivimba, mdogo wangu. Nenda kanifungulie koki. Jua bado lipo."

"Haya, kaka."

Alikwenda kwa moyo mweupe. Nani angemkatalia kaka wa tumbo moja? Alikwenda pekupeku, maana kandambili yake ya kushoto ilipotea tangu Jumapili. Edmund ndiye aliyemsaidia kuitafuta, mpaka chini ya kitanda, akimtania kwamba panya wa siku hizi nao wanavaa.

Huko juu vyura hawakulia. Harufu ya unga mbichi wa ulezi ilimjia puani...

Akaiona.

Kandambili yake. Imewekwa juu ya jiwe, ukingoni mwa bwawa, imejazwa unga wa tambiko, ncha yake imeelekezwa majini.

"Ottilia..." Sauti ya bibi kizee ilitoka ndani ya bomba kubwa. "Umechelewa. Kaka yako alisema Jumapili."

Uchungu ulizidi woga. Kumbe siku ile, chini ya kitanda, Edmund alikuwa anatafuta nini?

Koki ikaanza kuzunguka yenyewe. Kwii... kwii...

Kitu cha baridi kikamshika kifundo cha mguu. Ottilia akajinasua, akakimbia, akiangukia ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, mpaka nyumbani kwa kaka yake.

Uani watu walikuwa wanalia. Wifi yake, Rosina, alikuwa amejifunga kanga kiunoni.

"Ottilia wetu amezama, jamani!"

Nani alileta habari hiyo? Bwawani alikuwa peke yake.

"Wifi, nipo hapa!"

Rosina hakugeuka. Hakuna aliyegeuka, ila Edmund. Alisimama wima, miguu yote miwili mizima, ndoo ikijaa chini ya bomba.

"Kaka, mimi si wa tumbo moja na wewe?"

Machozi yalimtoka Edmund, lakini mkono hakuuondoa bombani.

"Rudi, mdogo wangu," alinong'ona. "Ukikaa hapa, maji yatakatika tena."