Miguu ya Julia

Nilikuwa Masasi siku ile kwa sababu shule ninayofundisha kwetu Newala ilikuwa imefungwa, na mdogo wangu Julia alikuwa ameniahidi mihogo ya kukaanga. Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa. Julia alikuwa jikoni, mimi kibarazani nikisoma gazeti la juma lililopita, na shemeji yangu Isaka, mume wake, alikuwa ndani akihangaika na kompyuta.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Isaka alikuwa ameandika programu katika shirika moja Dar es Salaam mpaka lilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Alirudi kwao Mkomaindo, hapohapo Masasi, na kompyuta kuukuu, skana, printa, na jina la utani la Injinia. Alisafisha picha za zamani za watu na kuwachapia upya.

"Injinia!" nikamwita. "Mkeo anasema mihogo iko tayari."

"Mwambie nakuja."

"Anasema hata jana ulisema hivyo, mihogo ikaliwa na kuku."

"Basi kuku wamshukuru mpishi."

"Nimesikia, Isaka!" Julia alijibu kutoka jikoni, na sote tukacheka.

Ndipo Cyril alipopiga hodi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka viganjani ingawa jua lilikuwa kali. Alitusalimia vizuri, akasema yeye ni wakala wa watu waliochukua kile kiwanda cha korosho kilichofungwa, upande wa Lisekese. Wangehitaji wabanguaji wengi, watu wa kupasua maganda ya korosho. Kila mbanguaji angepigwa picha ya kitambulisho, na kazi hiyo alitaka kumpa Isaka.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, picha iwe ya mtu mzima mzima, kuanzia utosini mpaka nyayoni.

"Kitambulisho cha miguu?" Julia aliuliza, akiweka sahani mezani. "Kwani mlinzi getini atakagua vidole?"

Cyril hakucheka. "Kampuni ndivyo inavyotaka, mama."

Sharti la pili lilikuwa kisanduku cheusi cha chuma alichokuja nacho, chenye waya wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Picha isihifadhiwe kwenye diski. Ichapwe kwenye karatasi, na data yake yote ipelekwe ndani ya kisanduku. Nilikisogeza mimi mwenyewe ili sahani ipate nafasi. Kilikuwa chepesi, mkono mmoja ulitosha.

Isaka alifurahi kuliko nilivyomwona tangu arudi. Alitueleza huku akila, na Cyril akisikiliza kwa makini. Kazi ya kugeuza picha kuwa faili, alisema, wataalamu wa mbali walishaiandika, wakaikusanya pamoja, na mkusanyo huo huitwa maktaba. Unaikabidhi picha, nayo inaifunga mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida huiandika kwenye diski. Lakini unaweza kuiambia isiandike diskini, ila kila fungu la data ikipe kipande cha programu ulichokiandika wewe. Kipande hicho hupeleka data unakotaka wewe.

"Mimi namwita mchukuzi," Isaka alisema.

"Na maktaba haimuulizi anapeleka wapi?" nikauliza.

"Haiulizi. Akirudi bila kulalamika, inampa fungu jingine. Halafu mchukuzi ana mwenzake wa kukung'uta. Unajua gunia la korosho, ukilimimina lazima zibaki chache chini. Mwenzake analikung'uta mwishoni ili masalia nayo yafike. Huyo nitamwandika baadaye."

"Kwa nini si sasa?"

"Sasa ni majaribio tu, shemeji."

Picha iliyokuwa karibu ilikuwa ya Julia, amesimama mbele ya nyumba hiyohiyo, peku, akicheka. Isaka aliipitisha kwenye skana. Taa ndogo ya kisanduku ikawaka. Data ilikuwa karibu kumalizika umeme ulipokatika.

Uliporudi, Isaka aliandika kile kipande cha kukung'uta, akakijaribu kwa picha za watu wa Lisekese ambazo Cyril alikuwa amekuja nazo. Zote zilipita vizuri. Ya Julia hakuirudia. Julia hakuwa anatafuta kazi.

Jioni Cyril aliaga. Kisanduku alikiinua kwa mikono miwili, mgongo umepinda, akapumzika mara kadhaa kabla ya kufika barabarani.

*

Asubuhi iliyofuata Julia hakuamka.

Alikuwa anapumua. Mwili ulikuwa na joto la kawaida. Tulimwita, tukamtikisa, tukamnyunyizia maji. Macho yalikuwa wazi kidogo, yakitazama kitu ambacho hakikuwa chumbani. Isaka alipomshika mkono akauachia upesi. Viganja vilikuwa vyeusi, vimebabuka, na ngozi ya vidole ilikuwa inatoka kama maganda ya kitunguu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari kijana alimpima kwa uangalifu mkubwa, akasafisha vidonda, kisha akatuuliza amekuwa akibangua korosho wapi. Hayo ni mafuta ya maganda ya korosho, yanayounguza ngozi, alisema. Amewaona wengine asubuhi hiyohiyo, wote wanatoka Lisekese, wote wanasema walikuwa wamelala.

"Wengine wameamka?" Isaka aliuliza.

"Wameamka. Wamekuja kwa miguu yao."

Tulimrudisha nyumbani. Bi Fatu, jirani mtu mzima aliyekuja kutupa pole, alimfunika Julia vizuri, akatutoa nje kabla ya kusema neno. Aliongea kwa kunong'ona ingawa ilikuwa mchana.

"Huyo amefanywa ndondocha. Mwili mnao nyie. Mwenyewe yuko anakofanyishwa kazi."

"Na hao walioamka?" nikauliza.

"Nao ni ndondocha walewale. Wao wakimaliza kazi wanarudi." Alitazama mlangoni. "Wenu harudi. Sijui kwa nini harudi."

Isaka alikuwa amekaa chini. Nilimwona midomo ikicheza, kama mtu anayesoma kitu kimoyomoyo. Nadhani tayari alikuwa amejua.

*

Kesho yake tulikwenda kiwandani kwa baiskeli, jua likiwa utosini. Geti lilikuwa na kufuli lililoota kutu, na buibui alikuwa ametandaza utando kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye nguzo. Hakuna aliyepita hapo kwa muda mrefu. Nyasi zilikuwa zimesimama.

Lakini ndani palikuwa na sauti.

Tak. Tak. Tak.

Kila aliyekulia uwandani kwetu Newala anaijua. Ni sauti ya ganda la korosho likipasuka. Zilikuwa nyingi, zikifuatana. Isaka aligusa geti. Zote zikanyamaza kwa pamoja.

Kisha ikaendelea moja tu. Taratibu.

Cyril alikuwa amekaa kivulini, mgongo ukutani, kisanduku kikiwa kando yake. Hakushtuka kutuona.

"Mrudishe mke wangu," Isaka alisema.

"Siwezi, ndugu yangu."

"Wewe ndiye uliyemchukua."

"Mimi?" Alifungua vifungo vya mikono ya shati, akakunja taratibu, akatuonyesha viganja. Havikuwa na ngozi ya kawaida. Vilikuwa kama soli ya kiatu cha zamani. "Nilipigwa picha Tandahimba. Mimi ndiye yule mchukuzi uliyemweleza mezani kwako. Napewa, napeleka. Siulizi."

"Unapeleka kwa nani?"

"Ningejua, si ningekwenda kumwomba?"

Hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alitoa picha mfukoni. Ilikuwa ya Julia, ingawa ile halisi ilibaki nyumbani. Kicheko hakikuwapo tena. Nyumba ya nyuma yake haikuwapo. Palikuwa na ukuta wa matofali na magunia. Na chini ya magoti, picha iliishia. Palipobaki palikuwa na kijivu kitupu.

"Wako alikuja hajatimia," Cyril alinong'ona. "Wenzake wakimaliza wanaondoka. Yeye anawatazama wakitoka. Anaendelea kubangua. Mchana, usiku. Hana cha kutembelea."

Ndani, ile sauti moja haikukoma.

Tak.

"Nikikivunja hiki kisanduku?"

"Walikivunja kimoja Tandahimba. Walizika watu wiki nzima."

Isaka aliegemeza baiskeli ukutani. Kisha akainama, akakikumbatia kisanduku. Cyril hakumzuia. Tulikifunga nyuma ya baiskeli, tukaisukuma kwa zamu mpaka Mkomaindo, matairi yakizama mchangani. Njia nzima kilikuwa cha moto, joto la mwili wa mtu.

*

Nilimtazama Isaka akifanya kazi. Picha ya Julia, ile halisi, aliiweka tena kwenye skana. Kipande cha kukung'uta kilikuwa tayari, na safari hii miguu nayo ingefika. Ilibaki kubonyeza tu.

"Ngoja," nilimnong'oneza. "Ukimalizia, umemkabidhi mzima."

"Najua."

"Kwa sasa wana sehemu yake tu."

"Wana mikono yake, shemeji. Wana macho yake. Sisi tumebaki na nini?" Hakugeuka kunitazama. "Nilishamkabidhi juzi nikiwa nacheka. Sasa nampa njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ya kuja na kwenda."

"Na akienda asirudi?"

"Hata sasa harudi."

Baadaye nimesikia watu wakimlaumu. Wapo waliosema angemwacha Mungu amalizie. Mimi nimelifikiria kwa miaka, na sijui ningefanya nini. Najua tu kwamba sikumshika mkono.

Akabonyeza.

Taa ikawaka. Ikacheza. Ikazimika.

Tulingoja. Chumba cha pili kilikuwa kimya. Kisha kitanda kikalia.

Tulimkuta Julia amekaa, miguu sakafuni. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama viatu vipya. Siku hizo mbili alikuwa amelala, na tulikuwa tumemwosha kwa mikono yetu. Nyayo zilikuwa zimejaa mchanga mwekundu.

"Kaka," aliniambia, sauti imekauka, "kumbe mihogo mmemaliza?"

Isaka alipiga magoti, akaikumbatia ile miguu, akalia kama mtoto.

*

Cyril alikuja kuchukua kisanduku. Hakuna aliyemzuia.

Julia aliishi. Alipika, alikwenda kanisani, alitania. Kila asubuhi aliamka na viganja vibichi, na kila asubuhi Isaka alivipaka dawa, akavifunga kitambaa, wala hawakulizungumza. Lisekese nako ilikuwa hivyohivyo. Watu walisalimiana mikono imefungwa. Geti la kiwanda halikufunguliwa. Ila kila msimu malori yalisemekana kupita na korosho safi zilizobanguliwa, na mijini watu walizila na chai.

Nilimwuliza Julia mara moja anaona nini huko.

"Migongo," alisema. "Tunakaa mistari. Namwona aliye mbele yangu mgongo tu." Akafikiri. "Halafu narudi. Njia ni ndefu, lakini narudi. Mwambie Isaka asijilaumu."

Alikuwa anakonda. Mikorosho ilipotoa maua, hakuamka tena, na safari hii hakupumua. Tulimzika kwetu Newala, karibu na mama. Isaka aliivunja kompyuta kwa shoka, kipande kwa kipande, akavitupa chooni.

Tulidhani amepumzika.

Baada ya arobaini, mke wangu Rose alikwenda alfajiri kufagia uwanja. Alirudi ufagio mkononi, akaniita bila sauti. Mchangani palikuwa na nyayo za mtu peku. Zilitoka upande wa barabara ya Masasi, zikaja moja kwa moja mpaka mlangoni petu. Za kuondoka hazikuwapo.

Nilimtumia Isaka ujumbe. Alifika siku ileile, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipiga magoti palepale uwanjani, akaziinamia moja baada ya nyingine, akigusa kila alama ya kidole.

"Zimetimia," alisema. "Shemeji, zimetimia zote."

Hakuwa na furaha wala huzuni usoni. Alikaa kando ya nyayo hizo, mikono magotini, mpaka upepo wa mchana ulipozifuta.

Sikumwonyesha kilichokuwa ndani. Huku kwetu maji hutoka mbali bondeni, na mtungi wetu tunaufunika vizuri. Asubuhi ile kifuniko kilikuwa chini. Kata ya kuchotea maji ilikuwa juu ya mdomo wa mtungi, na mpini wake ulikuwa na alama za vidole vitano, nyeusi, zenye kunata kama mafuta ya maganda. Rose aliisugua kwa majivu, kisha kwa mchanga. Hazikutoka. Aliyeweka mdomo kwenye ukingo wake alitokwa na malengelenge.

Tangu hapo kila jioni kata hiyo tunaijaza maji, tunamwachia mlangoni. Asubuhi huwa kavu.