Anwani Ina Mwenyewe

Cherehani ya mama ilianza kulia tangu asubuhi. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo, na kazi yake ilisifiwa mtaa mzima. Lakini leo kazi ilimshinda. Alishona suruali, mguu mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Akafumua, akashona tena, akaharibu tena.

Roho yake haikuwa kwenye suruali. Binti yake, kitindamimba, alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Ikifika saa kumi na moja jioni, asiyethibitisha anaikosa, na nafasi yake anapewa mwingine.

"Tovuti ya chuo bado inagoma, mama," binti alisema. Alikuwa ameketi juu ya rundo la vitambaa, simu mkononi.

"Jaribu tena, mwanangu."

Simu ikalia. Ujumbe uliingia: "Thibitisha nafasi yako sasa. Bonyeza hapa." Binti akabonyeza. Ukurasa ukafunguka upesi, una nembo ya chuo na rangi zake zote. Ukataka jina, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya siri aliyopewa na chuo. Binti akajaza vyote. Kilibaki kitufe cha kutuma.

"Tuma basi! Unangoja nini?"

"Usitume!"

Ilikuwa sauti ya jirani, mpanga barua wa posta. Mtaani walimwita Mama Barua. Alikuwa amefuata gauni lake, akachungulia simu begani kwa binti. Jirani huyu alisoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sabuni.

Mama akapandwa na hasira. "Shoga, mtoto anakosa chuo hapa, wewe unatuletea maneno!"

"Nipe dakika moja tu. Binti, soma anwani hapo juu."

Binti akasoma: "chuouuguzi.org.thibitisha-haraka.com/udahili."

"Si hilo jina la chuo, liko mbele kabisa!" mama alisema.

"Mbele mtu anaandika atakalo. Sisi posta bahasha tunaisoma kutoka mwisho. Kwanza nchi, halafu mji, halafu sanduku. Na hii ni vivyo hivyo. Tafuta huu mstari wa mshazari. Anzia hapo, rudi kushoto. 'Com' ni kama mji, nchi haikutajwa. Neno linalofuata kushoto ndiye mwenye nyumba. Nani huyo?"

"Thibitisha-haraka," binti alijibu.

"Siyo chuo. Maneno mengine kushoto ni vyumba vyake, anavipa majina apendavyo. Anwani nyingine huishia na maneno mawili, la aina ya taasisi na la nchi, kama 'ac.tz'. Hapo mwenye nyumba ni neno la tatu kutoka mwisho. Ungempa huyu namba yako ya siri, angeingia kwenye tovuti ya chuo kwa jina lako na kukufungia nje."

Mama aliondoa mguu kwenye pedali. Yeye mwenyewe aliwahi kushona lebo za makampuni makubwa kwenye mashati aliyoyakata hapo hapo chumbani. "Lebo," alisema polepole. "Wametushonea lebo!"

Binti akafuta kila kitu. Akaandika anwani iliyokuwa kwenye tangazo la chuo alilokuwa amelibandika ukutani: chuouuguzi.org. Alama ya kusubiri ikawa inazunguka. Mshale wa saa ulikaribia kumi na moja.

"Mbona inachelewa?" mama alilia.

"Leo wanaoingia ni wengi, na kwanza inauliza njia," Mama Barua alisema. "Zamani watafiti waliunganisha kompyuta chache za vyuo, ndiyo intaneti ikaanza. Kila kompyuta ilikuwa na namba. Namba zinasahaulika, wakazipa majina, na majina yote yakawekwa kwenye orodha moja. Kompyuta zikazidi, orodha ikawashinda. Wakagawana: huyu asimamie 'com', yule 'org', na kila nchi yake. Sasa ukiandika jina, mashine zinaulizana kuanzia mwisho, mpaka zipate namba ya..."

"Imefunguka!" Binti alijaza, vidole vikimteleza. Akatuma.

Ukurasa ukabadilika. Kisha: "Nafasi yako imethibitishwa."

Mama aliketi sakafuni katikati ya vitambaa, akalia kwa furaha bila aibu.

Mwezi uliofuata alikuwa anashona sare nyeupe ya binti yake. Simu yake ikalia. Ujumbe ulisema ameshinda zawadi, abonyeze anwani iliyo chini. Mama akasimamisha cherehani. Akatafuta mshazari, akarudi kushoto neno kwa neno.

"Mwenye nyumba hii simjui," alisema, akaufuta.

Akarudi kwenye sare. Mikono yote miwili ilitoka sawa.