Saa za Kuazima

Jumatatu moja ya kawaida, mwendesha kreni alirudi nyumbani na mkoba wa kijivu na karatasi saba: sita za kutia sahihi, moja ya maelekezo. Wiki iliyotangulia usingizi ulimchukua huko juu, kontena likining'inia juu ya vichwa vya wenzake. Daktari alimpima, akakuta akilala pumzi zinamkatika mara arobaini kwa saa. Kazini wakakata shauri: alale na mashine ya kumpulizia hewa kwa wiki tatu ndipo arudishiwe kreni, la sivyo akashike ufagio.

"Ni ya kuazima," muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia, akimkabidhi mkoba wenye mashine. "Aliyekuwa nayo haihitaji tena."

"Alipona?"

Muuguzi akamsogezea fomu. "Sahihi hapa, baba."

Alijitahidi haswa. Alikula mapema, simu akailaza sebuleni, naye akapanda kitandani saa tatu kama mtoto wa shule. Mkewe alipoona barakoa puani na mpira wake mrefu, alicheka hadi akakaa chini. "Mume wangu, umeota mkonga."

Akalala fofofo, akaamka mwepesi. Siku tatu hivyo.

Asubuhi ya nne, akiosha barakoa, vidole vyake viliteleza. Ndani mlikuwa na ute wa njano, mzito kama yai bichi. Akajisemea, mate yangu mwenyewe, naona kinyaa cha nini.

Asubuhi ya tano ute ulikuwa na unywele wa mvi. Yeye alikuwa na kipara, na ndevu hazikuwahi kumwotea.

Alisugua kwa sabuni. Akasugua kwa siki. Akachemsha. Harufu ya jino bovu ikabaki, ikamshuka kooni, hata chai ikawa na ladha ya kinywa cha mtu mwingine. Alitapika kwenye sinki. Katika matapishi yake, mvi tatu.

Akaichomoa mashine kwenye umeme, akaifungia kabatini. Heri kukoroma.

Wiki tatu zilipotimia aliipeleka kliniki, uongo wake ameupanga tayari. Karani akachomoa kadi ya mashine inayohesabu saa za kuvaliwa, akaichomeka kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Hongera, mzee. Umetia fora. Umeivaa kwa saa tisa kila usiku. Na mchana pia."

Mwendesha kreni akamwinamia. "Sijaivaa tangu siku ya tano," alinong'ona. "Ilikuwa kabatini. Haikuwa kwenye umeme."

"Kompyuta inasema imevaliwa."

"Na nani?"

"Fomu haiulizi nani." Karani alishusha sauti. "Mzee, unataka kazi au hutaki?"

Aliufikiria ufagio. Akatia sahihi kwamba saa zile zote ni zake, akaiacha mashine mezani, akaondoka bila kugeuka.

Wakamrudishia kreni. Tena, kwa kuwa sasa analala vizuri, wakampangia zamu ya usiku.

Baada ya zamu ya kwanza alifika nyumbani jua limeshachomoza. Mkewe alikuwa kitandani, anajifuta mdomo kwa ncha ya shuka, anakunja uso.

"Kapige mswaki, baba. Usiku kucha unanipumulia mdomoni."

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

Mkewe akaacha kujifuta. Mwanga wa dirisha ukampiga usoni. Kutoka pembe za pua, kupitia mashavuni hadi kisogoni, ngozi yake ilikuwa imebonyea kwa alama nyekundu za mikanda, kama za mtu aliyevaa barakoa kwa saa tisa.