Kiti cha Nne Jukwaani

"Kiti kisitoke humo ndani," sauti ya Mkuu ilisema sikioni mwake. "Una dakika sita."

"Viti viko sita, Mkuu. Ni kipi?"

"Hatujui."

Kobe alivitupia macho vile viti. Ofisini walimwita hivyo kwa kuwa hakuwa mtu wa papara, lakini leo moyo ulimwenda mbio. Ndani ya mguu wa kiti kimojawapo mlikuwa na filamu ndogo kama ukucha, yenye majina ya wapelelezi wote waliopandikizwa katika genge la wauza silaha. Jina la tatu lilikuwa la mdogo wake wa kiume. Filamu ikimfikia mnunuzi aliyetumwa na genge hilo, kijana asingeliona jua likizama.

Siku mbili sasa Kobe alikuwa mpagazi wa nyumba ya mnada, ovaroli ya kijivu mwilini, bastola ya Beretta kwenye kifundo cha mguu. Viti vilikuwa vya msaji na ngozi, kazi ya mbunifu aliyekufa zamani, na matajiri walivigombea kama mpira wa kona. Msimamizi wa ghala, mama mmoja mkali, alimwonya mara kumi asiviinue kwa kushika vishikio, maana vina miaka sabini na viungo vimelegea.

Viungo vimelegea.

Kobe, binti wa seremala, alibeba cha kwanza hadi jukwaani, akakiinamisha kidogo. Kikalia, kwi. Cha pili, kwi. Cha tatu, kwi.

Cha nne kilinyamaza.

Mtu alikuwa ameufungua mguu, kisha akaugandisha kwa gundi vizuri kupita kiasi.

"Ninacho," alinong'ona.

"Na mnunuzi?"

Hilo ndilo lililomkata maini. Ukumbini mlikuwa na watu mia mbili. Akiichukua filamu na mnunuzi akaponyoka, genge lingejua limesalitiwa, na wa kwanza kushukiwa angekuwa mdogo wake. Dalali aliinua nyundo. Mungu wangu, aliwaza, nifanye nini?

Akakiachia kiti.

Kilianguka kutoka jukwaani hadi sakafuni, mguu ukakatika na kubingirika. Ukumbi uliguna kwa uchungu. Mzee mmoja alijishika kichwa. Mama wa ghala aliketi chini palepale. Wote walikitazama kiti kama wafiwa.

Bwana mmoja tu, mwenye suti ya bluu, aliukimbilia mguu.

Kobe akaukanyaga. Mkono wa bwana ulipozama kotini, Beretta ilikuwa tayari ubavuni mwake.

"Taratibu, kaka. Ukijikuna tu, umejimaliza."

Vijana wa Mkuu walipomchukua, mama wa ghala alimfukuza Kobe kazi, akasema hafai kubeba hata ndoo. Kobe alimwomba radhi kwa moyo wote, maana kiti kilikuwa kizuri kweli.

Nje, Mkuu aliuliza amwambie nini yule mdogo wa Kobe.

"Mwambie arudi nyumbani," Kobe alisema. "Nimechoka kumdanganya mama kwamba yuko masomoni."

Akavua ovaroli, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari la bwana wa suti ya bluu, ambalo vijana wa Mkuu walikuwa wakilipekua, akavuka barabara.