Pua ya Pili

Maiti ilikuwa inanuka mnanaa.

Inspekta Farquhar Dalgleish aliinama uani, nyuma ya nyumba ya Bi Isobel Rankine mjini Edinburgh, huku ukungu wa asubuhi ukimlowesha masharubu. Marehemu alilala chali juu ya mawe, fuvu limepasuka kisogoni. Ghorofa nne juu yake ulionekana ukingo wa paa.

"Gavin Ormiston, afande," alisema Konstebo Lumsden. "Yule mkaguzi wa mabomba wa chama cha wenye nyumba. Kateleza, maskini. Huko juu kunateleza kama mlenda."

"Alipandaje?"

"Kwa kidirisha cha darini."

"Umekikagua?"

"Nimekikagua. Kimefungwa kwa komeo, barabara kabisa."

"Komeo liko upande gani, Lumsden?"

"Kwa ndani, afande."

"Basi marehemu alianguka, akafufuka, akaja kufunga komeo, kisha akarudi kufa. Sijapata kuona maiti mwenye adabu kama huyu."

Lumsden alicheka, akaacha aliposikia kikohozi cha mtoto ndani ya nyumba. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kuchoka.

Jikoni, Bi Isobel hakuwa amevua kofia wala kugusa chai. Alikuwa mjane aliyevaa nguo nyeusi za msiba mpya. Mwanawe Kenneth alikuwa amezikwa mwezi uliopita kwa homa ya matumbo, na sasa bintiye Effie, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameshikwa na homa ileile.

"Nani alimwita Ormiston?"

"Mimi. Daktari alisema homa hii hupanda na hewa ya mtaro, bomba likiwa bovu. Nikaita mafundi. Huyu anasema vunja ukuta, yule anasema ng'oa choo, kila mmoja anavutia kwake. Bwana Ormiston hauzi bomba wala hatengenezi. Nilitaka mtu asiye na lake."

"Alikuja na nani?"

"Peke yake. Msaidizi wake ana mafua."

Dalgleish alikunja uso. Nyumba yake mwenyewe iliwahi kukaguliwa, na kazi ile aliijua. Mtu hupanda paani, akamimina mafuta ya mnanaa katika mdomo wa bomba la choo, akafuatisha maji ya moto. Bomba likiwa zima, mnanaa huteremka hadi mtaroni na hakuna anayejua. Likiwa na ufa, harufu hutokeza chumbani. Lakini mmiminaji haruhusiwi kuingia ndani, maana nguo zake hunuka na kuharibu kila kitu. Lazima pua ya pili ikae chini, ikinusa chumba baada ya chumba.

"Pua ilikuwa nani?" aliuliza.

"Sijui. Nilikwenda kwa muuza dawa. Nilimwacha mtoto na kaka yangu Walter."

Inspekta alipanda ngazi, akavuta pumzi. Mnanaa ulikuwa kila mahali: kwenye zulia, kwenye mapazia, hadi kwenye kishikio cha ngazi. Aliyeshuka kutoka paani alikuwa ameupaka nyumba nzima. Hakuna pua ambayo ingeweza tena kusema kama bomba lile lilikuwa zima au bovu. Aliyejua alikuwa mmoja tu, na hakuwa amesema.

Effie alilazwa chumba cha mbele, midomo imemkauka. Moto ulifuka moshi bila kupasha kitu.

"Daktari amepita sasa hivi," alisema Bi Isobel. "Anasema baridi ya humu itamuua. Ameniamuru nimrudishe chumba chake cha nyuma leo hii. Na mimi naogopa. Humo ndimo alimofia Kenneth. Niambie, Inspekta, nimrudishe au nisimrudishe?"

Dalgleish aliinama, akagusa paji la mtoto.

"Nani alimhamishia huku?"

"Walter. Nimerudi nikakuta keshamhamisha. Alisema huku atapata jua."

Inspekta alitazama dirisha. Lilielekea kaskazini. Jua halijakanyaga humo tangu nyumba ijengwe.

Walter Purdie, fundi bomba, alikuwa sebuleni. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono mipana, na wote mtaani walimpenda. Alisimama akatabasamu.

"Inspekta! Huyo marehemu, nilikuwa namwambia dada: wasomi na paa wapi na wapi."

"Ulipanda paani?"

"Mimi? Na kilo zangu hizi?"

"Ulimsaidia kunusa?"

"Nilikaa na mtoto tu."

"Unanuka mnanaa, Purdie."

"Peremende. Hizi zetu za kanisani, za kukuzuia kusinzia mchungaji akirefusha."

"Leo Jumanne."

"Basi nazipenda."

"Nipe moja."

Purdie alipapasa mifuko. Ilikuwa mitupu. Dalgleish alimshika mkono, akanusa kiwiko cha koti. Kitambaa kilikuwa kimelowa mafuta.

"Kumbe peremende unazila kwa kiwiko?"

"Chupa ya Ormiston ilikuwa kwenye ngazi. Niliigusa."

Uongo ule ungeweza kusimama mahakamani, na Dalgleish alijua. Akasikia tena kile kikohozi. Akafungua mlango.

"Bi Isobel! Mtii daktari. Mrudishe Effie chumba chake."

Mama alitoka amembeba mtoto katika blanketi, akaelekea nyuma. Purdie alikaza meno. Hatua ya kwanza, ya pili. Mkono wa mama ulipogusa kitasa, fundi alijirusha mlangoni.

"Usimwingize! Isobel, kwa jina la Mungu, usimwingize humo!"

"Kwa nini, Purdie?" aliuliza Inspekta.

"Ukuta unavuja." Alianguka magotini. "Mnanaa ulitoka nyuma ya kitanda, mkali hata macho yakanichoma. Bomba hilo nililiunga mimi, mume wa Isobel alipofariki. Bure, zawadi yangu kwa dada. Risasi ya kuyeyusha, ile ya kuungia mabomba, iliniishia siku ile. Nikaziba kiungo kwa puti ya kubandikia vioo vya madirisha na karatasi, nikasema nitarudi. Sikurudi. Nikasahau, haki ya Mungu nikasahau."

"Na Ormiston?"

"Nilimtoa mtoto kwanza, kisha nikapanda. Nikamwambia hakuna harufu. Akaniuliza mbona macho yako yana machozi. Nikamsihi: niachie, nitatengeneza kimyakimya, dada asijue. Akasema mama ana haki ya kujua kilichomuua mwanawe. Akaelekea kidirishani. Nikamsukuma. Chupa ikanimwagikia. Nikashuka, nikafunga komeo bila kufikiri."

Lumsden, aliyekuwa amewafuata juu, alitoa pingu. Bi Isobel alibaki palepale, amemkumbatia Effie, akimtazama kaka yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Dada," alisema Purdie, akilia kama mtoto. "Nilimtoa. Effie nilimtoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

"Na Kenneth?" aliuliza Bi Isobel.

Bi Isobel alimfunika binti yake uso kwa blanketi asivute hewa ile, akampita kaka yake, akashuka ngazi na mtoto na kutoka katika nyumba ile.