Usukani wa Ezironi

Mshikio wa kulia ulikuwa na joto.

Swaib aliondoa kiganja, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha. Usukani ulikuwa umelala juu ya gunia tangu asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta, na chuma chake kilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Mshikio wa kushoto nao ulikuwa baridi. Ule wa kulia tu ndio uliokuwa na joto, joto dogo kama la kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

"Jua," alijiambia. Lakini jua lilikuwa halijafika upande ule wa nyumba.

Alikuwa fundi, na fundi huamini spana kuliko vidole. Aliuweka usukani mahali pake juu ya foku za gurudumu la mbele, akakaza bolti nne moja baada ya nyingine, akafunga waya wa klachi kushoto na waya wa breki kulia. Aliugeuza huku na huku. Ulikaa vizuri, kana kwamba pikipiki ile ilitoka nao kiwandani.

"Amepona mgonjwa wako, Fundi?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni. Mayimuna hakuwa akimwita jina jingine tangu walipooana. Alisimama na mkono mmoja mgongoni, tumbo la miezi minane likiwa mbele yake.

"Amepona. Sasa hata ukisema leo, leo hiihii tunakwenda."

"Sisemi leo. Leo nina nguo za kufua."

Alicheka, naye akacheka. Lakini wote wawili walijua kwa nini usukani ule ulikuwa jambo kubwa kuliko chuma. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa hapo nyumbani Bwera, na wote wawili walizikwa kabla ya kupewa majina. Mara ya pili Mayimuna mwenyewe aliponea chupuchupu. Mkunga wa zahanati ya misheni kule Kisinga alimwambia Swaib bila kuzungukazunguka: uchungu ukianza tu, mlete, ukichelewa, utazika wawili. Kutoka Bwera hadi Kisinga ni mwendo wa saa nyingi kwa machela, lakini kwa pikipiki haufiki saa moja.

Halafu, mwezi ule, ngiri alikatiza barabara karibu na Katwe. Swaib alianguka, usukani ukakatika kwenye kiungo. Mwaka ule wa hamsini na saba treni ilikuwa tayari inafika Kasese, lakini usukani mpya kutoka Kampala ungechukua wiki sita. Swaib aliuagiza hata hivyo, lakini Mayimuna hakuwa na wiki sita.

Pikipiki nyingine ya namna ile katika upande mzima wa Bwera ilikuwa ya Ezironi, kijana wa mzee Danieri, aliyekuwa akipeleka kahawa Kasese. Jumatatu, mvua ikinyesha, Ezironi aliteleza kwenye daraja la Nyamugasani. Walimkuta chini yake, pikipiki imemlalia, mikono yote miwili ingali imeshika usukani. Ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja.

Swaib alikwenda kwenye maziko. Alichimba kaburi pamoja na wengine, akambeba mzee Danieri alipoishiwa nguvu. Jioni yake, kwa aibu, alimweleza shida yake. Mzee alinyoosha mkono upande wa mto.

"Ile pikipiki iko palepale daraja," alisema kwa Kiswahili chake cha mlimani. "Tunaiacha mpaka matanga inaisha. Ikishaisha, wewe kuja, kutoa kitu unataka. Mutoto wako azaliwe muzuri. Wangu amemaliza."

Swaib alingoja. Kwake yeye, kama kwa Waislamu wote aliokua nao, matanga ni siku tatu. Alizihesabu kwa uaminifu. Jua la siku ya tatu lilipozama alishuka darajani na spana zake, akasoma Fatiha, akaufungua usukani. Hakuiba. Alikuwa amepewa ruhusa, na muda, kwa hesabu yake, ulikuwa umetimia.

Kesho yake, baada ya kuufunga, alipanda hadi sokoni Mpondwe kuijaribu pikipiki. Ilikwenda vizuri, ila ilivuta kidogo upande mmoja. Aliiegesha karibu na Saudah, muuza mihogo ya kukaanga, akaingia dukani kununua chumvi. Alipotoka Saudah alikuwa akimcheka.

"Fundi, huna adabu! Rafiki yako umemuacha juani vile? Mwambie ashuke anywe chai."

"Rafiki gani?"

"Yule mwenye shati lililolowa. Alikuwa amekaa, ameshika..." Saudah aligeuka kuonyesha. Pikipiki ilikuwa peke yake. Mihogo ilianza kuungua kwenye karai, naye hakuigeuza. "Labda ameenda choo," alisema polepole, na hakucheka tena.

Siku ya pili Mayimuna alianza kulalamika harufu. Si ya petroli, alisema. Ya matope ya mto, matope yaliyochimbuliwa chini kabisa. Adhuhuri, watu walipokuwa wamejifungia ndani kukwepa joto, alisikia uani mkono wa klachi ukibanwa na kuachiliwa, kwi, kwi, kama mtu anayengoja na kuchoka kungoja. Alidhani ni mumewe. Mumewe alikuwa amelala kando yake.

"Fundi," alinong'ona. "Fundi, amka. Kuna mtu."

Swaib alitoka. Hakukuwa na mtu. Lakini gurudumu la mbele, ambalo alikuwa ameliacha likitazama Mpondwe, lilikuwa limegeuka kutazama upande wa Nyamugasani. Alilinyoosha. Aliporudi na jiwe la kulizuia, lilikuwa limegeuka tena.

Asubuhi ya siku iliyofuata mzee Danieri alifika kwa miguu, vumbi hadi magotini. Hakukubali kukaa.

"Baba, umechukua siku gani?" alimuuliza Swaib.

"Ya tatu, mzee. Baada ya magharibi."

Danieri alifumba macho, akainua vidole vinne. "Kwa ukoo wetu ni ine. Mutu akikufa na kitu mukononi, bado anakamata. Siku ya ine, jua likiwa katikati, baba yake anasimama pahali alianguka, anaita jina yake, na ile kitu iko pale. Ndiyo anaachilia. Mimi niliita. Niliita mpaka sauti ikakatika. Kitu haikuwa pale. Hakusikia."

Swaib alisema, "Nisamehe, mzee. Nilihesabu kwa hesabu yetu."

"Najua. Hata mimi sikusema ni ngapi. Nilizani mutu yote anajua." Mzee alipangusa uso. "Rudisha, mutoto wangu. Leo. Nimuite tena."

Swaib alimtuma mtu kwa Mwalimu Mahmood, ambaye alifundisha watoto Kurani na aliyewahi kuwa askari Burma, na ambaye watu walimwita afande hata msikitini. Mahmood alikuja na kitabu chake na chupa ya maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani. Aliizunguka pikipiki mara tatu akisoma, kisha akaweka mkono juu ya mshikio wa kulia. Aliuondoa upesi kama aliyegusa jiko.

"Fungua chuma hiki. Sasa hivi. Haraka!"

Swaib alichukua spana. Alilegeza bolti ya kwanza, akalegeza ya pili. Alikuwa ameishika ya tatu aliposikia sufuria ikianguka ndani, na sauti ya Mayimuna, si ya kupiga kelele, bali ya chini na ya mshangao.

"Fundi. Maji yametoka."

Uani hakuna aliyesogea. Lori la pamba lilikuwa limepita alfajiri na lisingerudi hadi kesho. Mlimani mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, na upepo ulianza kuinua vumbi.

Swaib aliirudisha spana kwenye bolti ya pili, akaanza kukaza.

"Swaib," Mahmood alisema. "Acha."

"Nipe kingine cha kumpeleka, Mwalimu."

"Nimesema acha! Hii ni amri!"

"Nipe kingine."

Danieri alikuwa ameuficha uso kwa kofia yake. Swaib alikaza bolti zote nne hadi mishipa ya mkono ikamsimama.

Alifikiria kumfunga Mayimuna kwake kwa kanga, lakini tumbo lisingevumilia kubanwa. Kwa hiyo alimkalisha kiupande, akamwambia amshike kiuno kwa mikono miwili na asiachie hata iweje. Mayimuna alikuwa amejipaka mafuta ya karafuu mikononi, kama alivyofanya kila alipokwenda mahali pa heshima. Harufu yake ilimfikia Swaib mbele, na kwa muda ikaishinda ile ya matope.

Mvua iliwakuta walipokuwa katikati ya njia. Swaib alihisi usukani ukiwa hai ndani ya viganja vyake, si kwa nguvu, bali kwa subira, ukivuta kushoto, ukiachia, ukivuta tena, kama mtoto anayemvuta mzazi kanzu ili wapite kule anakotaka yeye. Mshikio wa kulia ulikuwa umepata moto kiasi kwamba matone ya mvua yalikauka juu yake. Nyuma, Mayimuna alikuwa akiugulia na kumtaja Mungu, na kila alipougulia mikono yake ilikaza, naye Swaib akawa anaihesabu mikazo ile, kwa sababu kila mmoja ulimwambia kwamba bado yupo. Kisha daraja likatokea ndani ya mvua, mbao zake nyeusi, mto ukinguruma chini yake, na usukani ukageuka wote kwa mara moja kuelekea ukingo, naye akaukataa kwa mabega na kifua na meno, akiona vidole vyake mwenyewe vikiwa vyeupe na juu ya vidole hivyo uzito wa vidole vingine asivyoviona, gurudumu likiteleza, mbao zikipiga kelele, pikipiki ikiinama hadi goti lake likakwaruza daraja, mkono mmoja wenye harufu ya karafuu ukipita kudaka mshikio wa kushoto, mpaka ghafla usukani ukaachia, wote, ukawa mwepesi kama wa baiskeli, na pikipiki ikasimama sawa na kupanda ng'ambo ya pili.

"Tumepita!" Swaib alipiga kelele. "Alhamdulillahi, tumepita! Shika vizuri!"

Mikono kiunoni ilikaza kumjibu. Mayimuna hakuugulia tena, na Swaib alishukuru, akidhani uchungu umempa nafasi. Mikono ilikuwa baridi kupita kwenye shati, lakini ilikuwa mvua. Ilikaza mno, lakini alikuwa amemwambia asiachie. Alizungumza naye njia nzima. Alimwambia mtoto akiwa wa kike atamwita jina la mama yake. Alimwambia usukani wa Kampala ukifika atauza pikipiki yote na kununua mashine ya kushona, akae nyumbani. Na kila aliposema neno, mikono ilikaza kidogo.

Kule zahanati, mkunga alikimbia kutoka barazani na mwavuli, akasimama.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa," Swaib alisema. "Msaidie ashuke."

Mkunga hakusogea. Alimtazama, akatazama nyuma yake, akamtazama tena. Ndipo mikono ikaachia kiuno, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Kwenye shati lake, pande zote mbili, kulikuwa na alama za viganja vya matope. Vilikuwa vikubwa kuliko vyake mwenyewe.

Walimkuta Mayimuna chini ya daraja kabla ya jua kuzama. Mtoto hakuwa amezaliwa. Wanawake waliomwosha walisema vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimefumbwa kama vilivyoshika kitu, na hakuna aliyeweza kuvifungua, wakamzika hivyo.

Siku ya nne tangu kifo cha Mayimuna, mzee Danieri na Mwalimu Mahmood waliikokota pikipiki hadi darajani, jua likiwa katikati, na Swaib akaifuata nyuma kama anayefuata jeneza. Mzee aliita jina la mwanawe mara tatu. Mara ya tatu kitu kilipita juu ya maji, kama pumzi, na harufu ya matope ikatoweka. Mahmood aligusa mshikio wa kulia. Ulikuwa baridi.

"Ameachilia," alisema, na machozi yalimtoka, yeye askari. "Imekwisha. Ufungue sasa, tuutupe mtoni."

Swaib alitoa spana. Ili kuushika usukani usizunguke, aliweka mkono wake mwingine juu ya mshikio wa kushoto.

Ulikuwa na joto.

Kisha aliinamisha kichwa hadi harufu ya karafuu ikafika puani mwake. Akairudisha spana mfukoni.

"Nendeni," aliwaambia.

"Swaib, mutoto wangu," Danieri alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameelewa. "Siku yake haijapita. Simama hapa, umuite. Jina tu. Usimufunge."

"Nenda, mzee. Nakuomba."

Usukani wa Kampala ulifika kwa treni mwezi uliofuata. Umetundikwa ukutani ndani ya karatasi zake, na karatasi hazijafunguliwa. Pikipiki iko chumbani, kando ya kitanda, gurudumu la mbele likitazama Nyamugasani. Adhuhuri, watu wanapojifungia, mkono wa klachi hubanwa na kuachiliwa, kwi, kwi, na Swaib huinuka akaweka kiganja chake pale.

Watu wanaopita kumjulia hali wanajua sharti la nyumba ile. Wanaweza kuzungumza mvua, kahawa, bei ya chumvi ya Katwe. Jina la mkewe hawalitaji. Mara moja Saudah alijisahau akafika nusu yake, na Swaib alimrukia na kumziba mdomo kwa mikono yote miwili, huku akigeuka kusikiliza chumbani.