Analiza Ajifunza Kubisha Hodi

Asubuhi moja Analiza alikaanga wali wa jana kwa vitunguu saumu. Binti yake, Krisel, alikula polepole huku akiimba. Mume wake, Efren, alikunywa kahawa akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa anatazama pampu yake ya maji, brashi zake na mitungi yake ya gesi. Vyote vilikuwa safi. Vilikuwa safi kwa sababu havikuwa na kazi.

Kwa miaka mingi Efren alikuwa fundi wa mitambo ya baridi melini. Alipita nyumbani Iloilo, huko Ufilipino, kama mgeni, kisha akaondoka tena. Mara ya mwisho aliporudi, Krisel alijificha nyuma ya mama yake.

"Mama," aliuliza, "huyu mjomba atalala hapa?"

Efren alicheka. Baadaye Analiza alimkuta jikoni peke yake, anafuta macho. Hapo waliamua kwamba bahari sasa basi. Wakaanzisha kazi yao wenyewe: kusafisha na kutengeneza viyoyozi vya maduka, ofisi na nyumba za wageni.

Ufundi ulikuwepo. Wateja ndio hawakuwepo.

Kazi ya kutafuta wateja ilikuwa ya Analiza. Aliandika ujumbe mmoja mrefu kwenye simu. Akautuma ule ule kwa kila biashara aliyopata anwani yake. Aliwatumia wenye benki, vinyozi, wauza samaki wakavu. Wengine hawakuwa na hata feni. Alituma mamia. Kisha akangoja.

Hakuna aliyejibu.

"Inday," Efren alimtania mke wake kwa jina la mapenzi, "hebu nikupigie. Labda simu yako imekufa."

"Cheka tu," Analiza alisema. "Wewe hujui uchungu wa kuandikia watu wanaokuona kama upepo."

Efren akaacha kucheka. "Wakala wa meli amenipigia jana," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna meli inaondoka. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha."

Analiza aligeukia vyombo. Aliosha sahani moja mara mbili.

Jioni alikuja jirani yao, Soledad, kurudisha sufuria. Soledad alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni karibu na kanisa kubwa la mtaa wao wa Jaro. Mtaa mzima ulimwita Manang, yaani dada mkubwa. Aliona uso wa Analiza akaketi bila kukaribishwa.

"Una nini, mdogo wangu?"

Analiza akampa simu. "Soma mwenyewe, Manang. Niambie kama kuna tusi humo. Mbona watu hawajibu?"

Soledad akasoma. Akasogeza kidole. Akasogeza tena.

"He! Huu ni ujumbe au kitabu?" aliuliza. "Nikikwambia ukweli utaninunia?"

"Niambie tu. Mume wangu anausifu kila siku na haujaleta mteja hata mmoja."

Soledad akacheka, kisha akaanza kumweleza taratibu.

"Mimi ndiye ninayepokea ujumbe kama huu. Nikifika kazini asubuhi nakuta watu wananiuzia sabuni, mapazia, bima, dawa ya mende. Na hapo mgeni anadai ufunguo, mwingine anasema maji hayatoki. Nasoma mstari wa kwanza tu. Wako unasema, 'Kwa mhusika, sisi ni kampuni bora kuliko zote.' Mhusika ni nani? Ubora wenu nimeuona wapi? Nafuta."

"Kwa hiyo wananidharau?"

"Hawakudharau. Hawakujui. Ukibisha hodi kwenye milango mia ya watu usiowajua, wakaitika wawili au watatu, hujashindwa. Wengi hawapati zaidi ya hapo. Kimya si tusi, Analiza. Lakini wewe umebisha hata kwenye ukuta usio na mlango. Muuza samaki mkavu na kiyoyozi wapi na wapi?"

Efren, aliyekuwa anasikiliza, akacheka. Analiza akampiga kwa kitambaa cha jikoni.

"Sasa nitajuaje nani ana shida?"

Soledad akamgeukia Efren. "Fundi, kiyoyozi kibovu, mtu aliye barabarani anakijuaje?"

"Rahisi, Manang," Efren alisema. "Kinadondosha maji. Kinanguruma. Mabomba yake yanaganda barafu."

"Basi mna macho. Tembeeni. Chagueni wachache wenye shida. Ulizeni jina la mwenye uamuzi. Halafu mwandikie yeye, kwa jina lake. Mwambie ulichokiona kwake, kabla ya kusema habari zako. Fupi! Asome akiwa amesimama. Mwisho umuulize swali moja tu, ambalo anaweza kujibu ndiyo au hapana."

"Na asipojibu?"

"Ngoja siku chache, mkumbushe mara moja kwa adabu. Watu wanasahau. Mimi mwenyewe nimeshakumbushwa, nikashukuru. Akinyamaza tena, mwache. Na akisema usiniandikie, usimwandikie tena."

Kesho yake Analiza na Efren walipanda pikipiki yao wakazunguka mjini. Krisel alikaa katikati. Kwa mara ya kwanza Analiza aliuona mji kwa macho ya mumewe. Kinyozi mmoja alikuwa na kiyoyozi kinachonguruma kama trekta. Duka la mikate lilikuwa limefungua milango yote, na wauzaji walikuwa wanajipepea kwa maboksi. Kwenye kliniki ya meno katika mtaa wa La Paz, kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji juu ya benchi la wagonjwa. Mama mmoja alikuwa ameketi pembeni kabisa ya benchi, anakwepa matone.

Analiza aliingia mapokezi akauliza jina na namba ya mwenye kliniki. Walipofika nyumbani aliandika:

"Daktari Sorongon, leo nimepita kwenye kliniki yako. Kiyoyozi cha karibu na mlango kinadondosha maji kwenye benchi la wagonjwa. Mara nyingi shida hii inatokana na bomba lililoziba, na kulizibua si kazi kubwa. Mume wangu, Efren, alikuwa fundi wa mitambo ya baridi melini. Je, aje kukitazama Jumanne asubuhi? Kukitazama ni bure. Mimi ni Analiza Dumancas, wa Jaro."

Efren akausoma. "Haunisifu sana," alinung'unika.

"Kazi yako itakusifu," Analiza akamjibu.

Waliandikia watu wachache tu, kila mtu ujumbe wake. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Analiza alitaka kuirusha simu kwenye ndoo ya maji. Lakini alikumbuka maneno ya Soledad. Siku chache zilipopita, aliwakumbusha kwa mistari miwili.

Kinyozi akajibu: "Samahani, niliuona nikasahau. Mwambie aje leo." Mwenye duka la mikate naye akajibu. Efren akafunga vifaa vyake kwenye pikipiki, anapiga mluzi.

Kisha likaja jibu la daktari. "Asante kwa kuniambia habari ya maji. Nina fundi wangu wa siku zote. Nimemwita."

Analiza akaenda kwa Soledad akiwa amekasirika. "Ona, Manang! Nimemtafutia kazi fundi wa mtu mwingine."

"Amekujibu?"

"Amekataa!"

"Nimekuuliza, amekujibu? Basi mshukuru. Hapana ya adabu ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Usiupige teke."

Analiza akaandika kwa shingo upande: "Asante kwa kunijibu, Daktari. Nafurahi wagonjwa wako watakaa pakavu. Ukimjua mtu mwenye shida kama hiyo, tafadhali mtajie jina letu."

Kazi za kinyozi na za duka la mikate zilileta nyingine mbili tatu. Zilikuwa ndogo. Hazikutosha kumkatalia wakala wa meli. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha.

Ndipo simu ikaita.

"Wewe ndiye Analiza wa viyoyozi?" iliuliza sauti ya mwanamke. "Mimi ni Teodora, mkuu wa chuo cha wauguzi. Nilikuwa kwa daktari wangu wa meno. Nikamlalamikia madarasa yetu yalivyo na joto, akanipa namba yako. Alisema wewe unaandika kama mtu aliyeangalia kwanza. Mumeo anaweza kuja?"

Efren alikwenda. Alikagua viyoyozi vya kila darasa na hakuficha kitu. Vingine alisema vinahitaji kusafishwa tu, visinunuliwe vipya. Bi. Teodora alimpa kazi ya kuvitunza viyoyozi vyote vya chuo, mwaka mzima.

Siku hiyo Efren alimpigia wakala. "Nakushukuru, kaka, kwa kunikumbuka," alisema. "Lakini mtafute fundi mwingine. Mimi nimepata kazi nyumbani."

Analiza alikuwa nyuma yake. Aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wa mumewe, akakaa hivyo.

Tangu hapo hakutuma tena mamia. Aliandikia wachache aliowaona, na katika kila kumi, watatu wanne walimjibu. Wengine walikataa. Nao aliwashukuru.

Jumamosi alipika wali wa nazi na kuufunga vizuri kwa majani ya mnazi. Fungu la kwanza alimpelekea Soledad, ambaye alianza kula kabla ya kusema karibu. Fungu la pili alilipeleka La Paz, kwenye kliniki ya meno. Benchi lilikuwa kavu na wagonjwa walikuwa wamelijaza.

Daktari Sorongon alitoka, akalishika fungu, akashangaa.

"Lakini mimi nilikukatalia," alisema. "Unanishukuru kwa lipi?"

"Wengi walinyamaza, Daktari," Analiza alisema. "Wewe ulinijibu."